Ringi la Zuhura

Harufu ya belo la mitumba lililofunguliwa sasa hivi ni vigumu kumweleza mtu ambaye hajakulia karibu nayo. Si uvundo, wala si manukato. Ni dawa ya wadudu, ni sabuni ya nchi za watu, ni vumbi la safari ndefu, na chini yake kabisa ni jasho la mtu usiyemjua. Mama yetu aliuza nguo Mchikichini miaka yote niliyomjua, na harufu hiyo ilikuwa kwenye khanga zake, kwenye nywele zake, hata kwenye uji aliotupikia. Siku tulipofungua sanduku lake, baada ya arobaini yake, ndiyo iliyotoka kwanza, kabla ya nguo yenyewe.

Tulikuwa wawili chumbani, mimi na dada yangu Zuhura, aliyekuja kutoka Masasi kwa ajili ya msiba na kubaki mpaka arobaini ipite. Wengine walikuwa uani wanaosha masufuria. Zuhura alikuwa anatoa vitu kimoja kimoja na kunipa, mimi nakunja na kupanga: hizi za shangazi, hizi za majirani, hizi za kutoa sadaka. Hatukuwa tunaongea sana. Mimi na dada yangu hatujawahi kugombana hata siku moja. Tulipigiana simu kila Idi, shikamoo dada, marahaba, watoto hawajambo, haya msalimie mama, basi. Ukitaka kujua ndugu wawili wana jambo kati yao, usiangalie wanavyogombana, angalia wanavyoheshimiana.

Na niseme mapema, ili usije ukanisubiri bure: tangu mama afariki sikuwa nimelia. Si kwamba nilijikaza. Hakukuwa na cha kukaza. Nilijikuna moyoni mahali pale panapotakiwa kuuma, nikakuta ganzi. Matangani niligawa chai, nikapokea pole, nikatabasamu kwa kila aliyeingia, mpaka shangazi yetu mmoja akasema kwa sauti ya kunifikia kwamba kitinda mimba wa marehemu ana moyo wa jiwe. Sikukasirika. Nilimwongezea chai.

Chini kabisa ya sanduku kulikuwa na mfuko wa nailoni uliopigwa mafundo mawili. Zuhura aliufungua kwa meno. Ndani mlikuwa na vazi dogo la bluu, la kuvutika, lenye mikono mirefu na vijiwe vya kung'aa vilivyomwagwa kifuani kama chembe za sukari. Nililijua kabla hajalikunjua. Yeye pia alilijua, kwa sababu alikaa chini.

Ninyi wa umri wangu mnaoikumbuka Kariakoo kabla nyumba za chini hazijamezwa zote na maghorofa, huenda mnalikumbuka duka la Baba Neema. Wateja walimwita Mangi, kama wanavyoitwa wenye maduka wote wa Kilimanjaro. Sisi tulimwita Baba Neema kwa sababu Neema alikuwa shoga yetu. Aliuza televisheni. Alizipanga sita kwenye kioo cha mbele, zote zinawaka, na alikuwa na falsafa yake moja, kwamba televisheni haiuzwi kwa maneno, inauzwa kwa rangi. Mpira wa miguu hakuutaka kwenye kioo chake, alisema ni majani tu. Taarifa ya habari alisema ni tai na meza. Kisha siku moja, sijui nani alimpa, akachomeka flash yenye mashindano ya kimataifa ya wasichana wanaocheza watano watano juu ya zulia, na tangu siku hiyo hakuichomoa.

Baadaye sana nilikuja kujua kuwa mchezo ule unaitwa jimnastiki ya midundo. Sisi tuliuita "wale dada watano". Walikuja watano wa nyekundu, wakatoka, wakaja watano wa kijani, wakatoka. Walirusha maringi makubwa mepesi juu kabisa, wakabiringika chini, wakasimama, na ringi likawakuta mikono imeshanyooka, kama lilikuwa linajua anwani. Bendera zao hatukuzijua zote. Ile ya Japani tuliijua kwa ajili ya magari.

Sauti haikuwepo. Baba Neema aliizima kwa sababu redio ya dukani ilikuwa na kanda moja ya kwaya aliyoipenda, na nje palikuwa na jamaa mmoja muuza viatu na kipaza sauti chake, "Chagua dada, chagua mama!" asubuhi mpaka jioni. Kwa hiyo kwa muda mrefu mimi niliamini kwamba Wajapani na Wabulgaria wanacheza kwa kufuata kwaya ya Kilutheri. Na cha ajabu, ukitazama sana, ilikuwa inaenda.

Palikuwa na timu moja ya bluu. Katika timu hiyo palikuwa na dada mmoja, mwembamba, nywele zimebanwa kichwani mpaka macho yamevutika. Kila siku, mahali palepale, ringi lilimpita mikononi, likagonga zulia na kubiringika. Alilikimbilia, akalichukua, akarudi kwenye nafasi yake huku anatabasamu. Wenzake wanne hawakumgeukia hata kwa jicho. Nami kila siku nikitoka shule nilibandika pua kwenye kioo kwa sababu nilidhani ni mashindano mapya. Nilidhani wanarudia kila siku, na kwamba siku moja atalidaka. Neema alinicheka mpaka akakaa chini. "We naye! Hiyo ni flash, haibadiliki." Nilimwelewa, ila sikumwamini.

Wakimaliza walikaa kwenye benchi refu wakashikana mikono wakisubiri alama. Namba ilitokea, na wengine walilia huku wanatabasamu, machozi yanashuka juu ya meno. Nilimuuliza dada yangu kwa nini wanacheka na wanalia.

"Hawacheki hao," Zuhura alisema. "Wameambiwa wacheke."

Wakati huo mimi nilikuwa darasa la pili na Zuhura la sita. Tulikuwa tukipanga chumba kimoja katika nyumba ya chini, mitaa miwili nyuma ya duka, na chumba cha mbele cha nyumba hiyo walipanga akina Kulwa na Doto, mapacha waliokuwa hawawezi kutofautishwa ila wakikasirika. Weka Neema, weka mapacha, weka Zuhura na mimi. Tukajihesabu tukakuta tuko watano. Hatukuhitaji ishara nyingine.

Maringi tuliyatengeneza kwa bomba jembamba jeusi la kupitishia maji, tulilokata vipande huko Gerezani, tukaunga ncha kwa kijiti na tepu ya mafundi umeme. Uwanja wetu ulikuwa juu ya paa la ghorofa la akina Neema, kati ya matangi ya maji na kamba za kuanikia. Ringi letu la kwanza liliruka ukuta likashuka ghorofa nne na kumvaa shingoni muuza madafu. Aliliweka begani akaondoka nalo, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kwenda kulidai.

Halafu likaja belo moja. Mama alilifungua mbele ya wanawake wenzake akitarajia nguo za watoto, na ndani, katikati ya sketi na masweta, yakatoka mavazi yenye vijiwe kama ya wale dada: manne ya rangi ya damu ya mzee, na moja la bluu. Wanawake wa Mchikichini walicheka siku nzima. Mmoja alisema ni nguo za kuogelea za Wazungu wanaoogopa jua. Mwingine alisema ni za waigizaji. Mama aliyatundika wiki tatu, yakaguswa na kila mtu na yasinunuliwe na yeyote, mwisho akarudi nayo nyumbani na kuyatupa kitandani.

"Haya, wacheza sarakasi. Ila mvae na taiti chini na fulana juu. Sitaki kusikia maneno ya watu."

Lile la bluu lilimtosha Zuhura peke yake, kama aliyepimwa na fundi. Mama alimtazama muda mrefu alipolivaa. Mimi niliona wivu kidogo, siwezi kukataa, kwa sababu bluu ndiyo ilikuwa timu yangu. Lakini Zuhura ndiye aliyekuwa mchezaji, sisi wengine tulikuwa wafuasi. Yeye ndiye aliyegawa mchezo katika hesabu za nane nane: nane ya kwanza tunazunguka, nane ya pili tunapishana, nane ya tatu mimi, niliyekuwa mdogo nyuma kabisa kwenye kona, narusha ringi juu kwa nguvu zangu zote, naye katikati mbele anabiringika, anasimama akiwa amenipa mgongo, ananyoosha mikono bila kutazama. Na ringi linafika. Sikumbuki kitu kingine chochote katika utoto wangu nilichokifanya kwa uhakika kama kule kumrushia dada yangu ringi.

Sheria ilikuwa moja, na aliitunga Neema. "Ukiangusha, unacheka. Majaji wanakutazama usoni, hawatazami chini." Tulifanya mazoezi hata ya hilo. Tuliangusha makusudi na kucheka. Nilikuwa hodari kuliko wote.

Baba Neema alipokaribia kufungua duka lake la pili, mtaa wa nyuma, alitupanga kwenye shughuli ya ufunguzi: siku ya Jumamosi, zulia jekundu la harusi limetandikwa mbele ya duka, spika mbili kubwa, na sisi watano tukicheza kwa ile kwaya yake. "Mabinti, mkinivutia watu, kila mtu soda na keki." Zuhura hakuwaza soda. Alitaka kitu kimoja tu, kupiga msamba, miguu pande mbili, ukalala chini wote, kama wale wa kwenye kioo. Wa kwake ulibaki na nafasi ya kiganja kati yake na sakafu, na kiganja hicho kilikuwa kinamnyima usingizi.

Sasa, kwenye ile flash palikuwa na sehemu ya nyuma ya ukumbi ambapo mwalimu wao, mama mmoja mnene, anamkandamiza msichana mabega ili msamba ushuke. Zuhura aliniambia mimi ndiye mwalimu. Nilikaa mabegani mwake nikahesabu mpaka thelathini. Alinung'unika kwamba miguu imekufa ganzi, kisha akasema, "Ongeza." Tulifanya hivyo siku nyingi. Jumatano ya wiki ile ya ufunguzi tulikuwa peke yetu juu ya paa, wenzetu hawajafika. Alisema ongeza, nami nikaongeza. Nilijinyanyua nikajishusha kwa kishindo.

Alitoa sauti ndogo. Msamba ulikuwa umelala chini wote. Tulicheka, nikashangilia, akajivuta na kusimama, na hapo nikaona doa kwenye taiti yake ya kijivu. Lilikuwa dogo, ukubwa wa kizibo cha soda. Naye akafuata macho yangu akaliona. Akaenda kukaa nyuma ya tangi, akajifunika fulana magotini.

"Usimwambie mama," akasema. "Umenisikia? Jumamosi ipite kwanza."

Nilisema sawa. Nilishuka ngazi za ghorofa nne huku naona jambo moja tu kichwani, kitambaa cha mama kinavyochanika akikivuta pande mbili kupima kama kimeoza. Nilikuwa nimemchana dada yangu. Ndani yake kulikuwa na mshono, nami nilikuwa nimeukalia mpaka ukaachia. Nilijua pia kwamba mtu akitoka damu asipotibiwa anakufa, kwa sababu jogoo wa jirani alifanya hivyo. Nilikimbia mpaka Mchikichini, nikavuka barabara bila kumshika mtu mkono, nikamwambia mama.

Mama hakupiga kelele. Alikunja sweta aliyokuwa ameishika, akaiweka juu ya nyingine, akasawazisha kola. "Umeona kwa macho yako?"

"Ndiyo mama."

"Nani mwingine kaona?"

"Hakuna."

"Basi funga mdomo wako. Usimwambie mtu, hata Neema. Umenielewa?"

Nilielewa sana. Nilielewa kwamba mama ananificha nisikamatwe.

Sisi asili yetu ni kusini, na kwa watu wa kwetu msichana akishakuwa mwali huwekwa ndani. Wewe unayesoma umeshajua zamani kilichokuwa kinatokea. Mimi sikuwa najua. Nilirudi nikakuta Zuhura yuko chumbani kwa mama mmoja wa kwetu aliyekuwa na nyumba upande wa pili wa uchochoro, mlango umerudishwa, dirisha limewekwa khanga. Jioni ile kabla ya magharibi akaja mwanamke mzee kutoka Mbagala na kikapu chake. Leo najua ni kungwi. Mimi niliona mganga. Wanawake waliingia mmoja mmoja wakivua kandambili mlangoni, wakapiga vigelegele, wakaimba kwa sauti ya chini nyimbo ambazo sikuzijua, na mimi niliamua kwamba hizo ni dua za mgonjwa mahututi. Waliingiza kuku mzima wa kuchemsha. Nyumbani kwetu mtu alipewa kuku mzima akikaribia kufa.

Nilimuuliza mama kama naweza kumwona.

"Dada yako amekua. Hachezi tena hayo mambo yenu. Na wewe usinisumbue."

Sikuuliza tena. Mtu aliyevunja chombo haulizi kama kinaweza kuungwa. Sikulia pia, na hapo ndipo ninapodhani ilianzia ile hali yangu. Nilienda shule, nikarudi, nikala, nikaoga. Nilihisi kama vile masikio yameingia maji. Uchochoroni nilipita upande wa mbali na ule mlango, wala sikugonga dirisha hata mara moja, ingawa hatua tatu zingenifikisha. Niliogopa atasema, "Umenifanya nini?"

Ijumaa Neema alikuja juu ya paa na binamu yake kutoka Sinza, msichana mrefu mwenye viatu vizuri. Alisema huyu atasimama pa Zuhura, na lile vazi la bluu liletwe alijaribu.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini? Tuko wanne."

"Pale ni pa Zuhura."

"Zuhura anaumwa, mama yako kasema."

"PALE NI PA ZUHURA!"

Sijawahi kupiga ukelele kama ule kabla wala baada. Mapacha walirudi nyuma wote wawili kwa hatua moja. Binamu wa Sinza alisema yeye wala hataki, na akashuka zake. Tukakubaliana kwamba tutacheza wanne na pengo lake tutaliacha kama lilivyo, tulizunguke kama yupo. Neema alinuna, lakini alikubali. Lile la bluu nilikuwa nimeshalificha chini ya godoro.

Jumamosi ilikuja na jua lake lote. Zulia jekundu, spika mbili zenye ukubwa wa kabati, watu wamejaa mpaka upande wa pili wa barabara, wabeba mizigo wamesimama na mizigo kichwani. Kwaya ilipoanza, ilitetemesha vioo. Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa pili tu kutoka pale, na ule uchochoro nyuma yake. Nane ya kwanza tukazunguka. Nane ya pili tukapishana, Kulwa na Doto wakalikwepa pengo kwa ustadi kama wanampisha mtu. Nane ya tatu ikafika, zamu yangu.

Hakuna aliyekuwa ameniambia nifanye nini hapo. Ningeweza kulishika ringi tu, wakati upite. Nililirusha. Nililirusha juu kabisa, kama siku zote, kwa uhakika uleule, kuelekea pale pake. Lilipanda, likasimama kidogo kwenye jua, likashuka. Lilitua palepale, likadunda mara moja, likazunguka lenyewe kwa lenyewe kama sinia lililoanguka jikoni, likalala. Wenzangu hawakugeuka hata kwa jicho. Nami nilicheka. Nilicheka mpaka mashavu yakatetemeka, meno yote nje, kidevu juu, mpaka kwaya ikaisha.

Watu walipiga makofi. Walidhani ndivyo mchezo ulivyo. Mama mmoja muuza matunda tu ndiye nilimsikia akimuuliza mwenzake, "Mbona pale katikati wamepaacha?" Kisha tulikaa kwenye benchi la duka, tumeshikana mikono, tukisubiri alama ambazo hakuna mtu wa kutupa. Soda yangu nilimpa Doto.

Shule zilipofungwa Zuhura alipelekwa Masasi kwa bibi, achezwe unyago na wenzake. Asubuhi ya safari alitoka na khanga mbili, moja kiunoni na moja kichwani, macho chini. Alipita mbele yangu bila kunitazama. Nilitazama anavyotembea. Alitembea polepole sana, hatua ndogondogo, ndivyo mwali anavyofundishwa, lakini mimi nilisema moyoni, ndiyo hivyo, hatapona na hili. Alitakiwa kurudi baada ya mwezi. Bibi akaugua, Zuhura akabaki kumuuguza, akahamishiwa shule huko, akamaliza huko, akaolewa huko. Hakuna aliyepanga. Mambo mengi ya familia yetu yalitokea hivyo, kwa mtu kubaki kidogo.

Yaliponifika mimi mwenyewe, miaka mitano baadaye, mama alinikalisha na kunieleza, na hapo nikaelewa yote kwa mara moja. Ulitegemea nifurahi. Hata mimi nilitegemea. Nilikuwa nimebeba mzigo wa kumwua dada yangu nusu, na sasa naambiwa hakukuwa na mzigo. Lakini mtu akikalia mguu muda mrefu, hata ukiunyoosha hauamki siku hiyohiyo. Wangu haukuamka. Nilisema, "Sawa mama," nikaendelea kuosha vyombo. Sikumpigia Zuhura. Ningemwambia nini?

Basi ndiyo tukawa pale, wanawake wawili watu wazima, sanduku wazi, vazi la bluu mapajani mwake. Alikuwa anahesabu vijiwe kwa kidole. Vingi vilikuwa bado vipo.

"Alilitunza," Zuhura akasema. "Mimi nilijua ulilivaa wewe."

"Halikunitosha."

"Lingekutosha baadaye." Akalinyoosha vazi mapajani. "Nilikukasirikia sana, mdogo wangu. Nilikwambia usiseme, Jumamosi ipite. Ukakimbia kusema siku ileile. Nikajua unataka pale katikati. Ulikuwa unaipenda bluu."

Miaka yote ile, shikamoo dada, marahaba.

"Dada, mimi nilidhani nimekuchana," nikasema. "Nilikukalia mabegani. Nilidhani nimekuchana na unakufa. Ndiyo maana nilikimbia."

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa sababu ya msiba, akaacha. "Yaani wewe…"

"Mpaka nikawa darasa la saba."

"Na hukuniuliza?"

"Niliogopa."

Uani mtu aliangusha mfuniko wa sufuria. Zuhura alilikunja vazi mara moja, akalikunjua tena. Aliuliza bila kuinua macho, kwa sauti ya mtu anayeulizia jambo dogo, "Sasa siku ile nani alisimama pangu?"

"Hakuna."

"Usiniongopee. Niliisikia kwaya. Mlicheza."

"Tulicheza wanne. Pako tuliacha wazi."

"Na ringi?"

"Nilikurushia."

"Likawaje?"

"Likaanguka."

Alipoongea tena, alikuwa anaongea na lile vazi. "Ile spika ilifika mpaka ndani. Kungwi alikuwa amelala. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, nikawa nahesabu nane zetu. Nane ya kwanza, nane ya pili. Ilipofika ya tatu…" Akanyoosha mikono mbele yake, viganja juu, bila kutazama, hivyohivyo kama zamani. "Nilinyoosha mikono hivi. Nikakaa nayo hivi mpaka wimbo ukaisha. Nikasema, basi, mwingine ameshalidaka."

Nilihisi uso wangu unafanya kazi yake, mashavu yanapanda, meno yanatoka, kidevu kinakwenda juu. Mikono yake ilikuwa bado imenyooka. Aliishusha, akasogea kwenye mkeka mpaka magoti yetu yakagusana, akanishika mashavu yote mawili kwa viganja vyenye harufu ya belo.

"Acha kucheka, mdogo wangu," akasema. "Majaji walishaondoka."

Nikajaribu. Mdomo ulichukua muda kushuka.